Ufunguo wa Banda la Kuku

Alhamisi. Goba imefunikwa na wingu tangu alfajiri, na mvua yenyewe hainyeshi. Nimerudi kutoka Tabata mchana huu, nimekaa barazani na viatu bado viko miguuni. Sijala.

Leo nimemwona Anastazia.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnanijua kama mwalimu mstaafu anayewasema vijana kwa kukosa uaminifu. Basi leo someni hili.

Tulikuwa kidato cha pili, Temeke, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kila shule ilikuwa na mradi wake wa kujitegemea. Sie tulifuga kuku. Mie ni mtoto wa Kizaramo, wa hapohapo. Anastazia alitoka Newala, akikaa kwa baba yake mdogo, mchonga vinyago, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikwenda shule pamoja, tukarudi pamoja, tukagawana kipande kimoja cha muhogo. Alitaka kuwa nesi. Mie sikujua ninataka nini, ila popote nilipojiona nimefika, yeye alikuwepo.

Wiki ile zamu ya banda ilikuwa yetu wawili. Jumatano jioni, kufunga ilikuwa kazi yangu. Kwa shangazi kulikuwa na ngoma ya harusi, nami nilikuwa na haraka. Niliondoka na ufunguo mfukoni bila kuurudisha ofisini, kufuli nikaliacha wazi.

Asubuhi banda lilikuwa tupu.

Mkuu wa shule alitupanga mstarini akasema mali ya umma imehujumiwa. Siku zile neno hilo halikuwa dogo. Watu wazima walifungwa kwa ajili yake. Akatangaza kwamba tutapekuliwa mmoja mmoja mpaka ufunguo upatikane. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Anastazia. Mkoba wake wa kitambaa ulikuwa wazi begani.

Nikautumbukiza ufunguo mle.

Miaka yote hii nimekuwa nikijidanganya kwamba uliniponyoka. Haukuniponyoka.

Walipoutoa, aligeuka akanitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. Alichapwa mbele yetu, akafukuzwa shule. Mtaani wakasema kuku wameliwa kwa mchonga vinyago. Mama yake mdogo, kwa aibu, akamchapa tena kwa mkono wake, na wiki haikuisha akampandisha basi la kusini. Siku hiyo nilijifunika shuka nikasema nina homa.

Nilifaulu. Nikawa mwalimu. Nikafundisha uraia.

Yeye alilima korosho, akazaa, akarudi Dar mtu mzima, akauza maharage sokoni Tandale. Nilimwona huko siku moja, ameinama anapepeta. Nikakata kona. Hilo nalo nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, mama wa watoto watatu.

Mwezi uliopita, msibani, nikasikia kwamba sasa yupo Tabata na anamuuguza mama yake mdogo yuleyule. Tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa kuokoteza. Leo nikaenda.

Alinijua kabla sijasema jina. Akanipa kigoda. Mama yake mdogo, sasa bibi kizee, alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho hayaoni tena. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ni nani. Anastazia akamwambia ni Mwajuma, wa nyumba ya tatu, Temeke. Bibi akafurahi. Furaha yake ilinikata maini.

Nikamwambia Anastazia yote kwa sauti ya chini. Alisikiliza huku anachambua mchele, mkono haukusimama.

"Nilijua," akasema. "Ufunguo nilikuachia wewe. Ila ingekuwa wewe umekutwa nao mkobani, nani angekuamini? Nikasubiri useme. Hata siku ya basi nilichungulia dirishani mpaka tukatoka mjini."

Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa.

"Usianze na mie. Mwambie mama."

Nikasogea mkekani, nikapiga magoti na magoti yangu haya mabovu, nikarudia kila kitu karibu na sikio lake. Kwamba Anastazia hakuiba. Kwamba mwizi wa jina lake ni mie. Bibi akanyoosha mkono hewani akimtafuta mwanawe. Anastazia akaweka ungo chini, akaja. Bibi akampapasa bega, akashuka mgongoni, taratibu, kama anayetafuta mahali.

"Nilikupiga bure," akasema. "Na baba yako amekufa akiamini ni wewe."

Hapo ndipo Anastazia alipolia. Nimemjua tangu utotoni, sikuwahi kumwona akilia, hata mstarini.

Hakunisindikiza. Niliposimama kuaga alifuta uso na khanga, akaniambia nisije tena kwa sasa. Akitaka kuniona ataniita. Sikupata msamaha, na njiani nikagundua kwamba nilikuwa nimeenda kuufuata kama mtu anayefuata haki yake.

Nilichompelekea ni jina lake tu. Limechelewa mno, lakini ni lake.

Sasa wamebaki wangu. Wanangu husoma hapa, na jioni simu zitaanza. Watanitetea, nawajua, watasema mama, ulikuwa mtoto.

Nitawajibu kwamba Anastazia naye alikuwa mtoto.