Msimkate Mama Kimeo

Buyenzi, Bujumbura

Kwa mdogo wangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe, shemeji Zubeda na Mama. Je, wazima? Mimi mwili mzima. Risasi tunazisikia milimani, kazi bandarini inasuasua, lakini tunakula. Sasa kaa kitako, maana nimekasirika na sitaki kujifanya.

Barua yako nimeletewa na baharia wa boti la mizigo. Umeandika habari za paa, za mbuzi, za harusi ya jirani. Halafu pale mwisho, kama mtu anayetaja mvua, unasema Mama ana kidonda ndani ya shavu tangu kabla ya Ramadhani, palepale anapoweka ugoro wake, eti hakimuumi, na mnamtafuta fundi aje amkate kimeo. Hamisi, una akili wewe? Kidonda kiko shavuni, mnakwenda kukata kinyama cha kooni?

Unamkumbuka Mzee Rajabu, mtu wa kwetu aliyenipokea hapa, msimamizi wa wapakuzi. Naye tumbaku haikumtoka mdomoni. Alitokewa na baka jeupe chini ya ulimi, likageuka kidonda, na kwa kuwa hakikuuma akawa anakifanyia mzaha. Kila mtu akasema ni kimeo. Wakampeleka kwa mama mmoja huko Buterere, akamkata kwa wembe. Alitema damu mpaka jioni na kidonda kikabaki vilevile. Wakasema hakikukatwa vizuri, wakamrudisha, akakatwa tena! Tulimpeleka hospitali uvimbe umeshatoka shingoni na meno yanacheza.

Daktari alimvuta ulimi kwa kitambaa, akamulika tochi. Kisha akatugeukia kwa ukali.

"Kidonda cha mudomo kikipita wiki mbili bila kupona, munaleta mutu hapa. Musingoje kianze kuuma. Kansa ya mudomo inaanzaka bila kuuma."

Nikamuuliza, je, kama tungewahi kumleta? Akasema angekata kipande kidogo akipime, na kama ni yenyewe angeiondoa ikiwa bado ndogo, wengi hupona namna hiyo. Nilitoka pale nataka kumpiga mtu. Nina hasira na ule wembe, nina hasira na vita hivi vinavyowafanya watu waogope kwenda hospitali, na sasa nina hasira na wewe.

Huyo fundi mfukuze. Mkalishe Mama mlangoni penye mwanga, Zubeda anawe mikono, amvute mashavu, atazame ndani, atazame fizi na chini ya ulimi. Baka jeupe au jekundu, uvimbe, chochote kigeni, mkamwambie daktari. Na shingo aipapase. Hata msipoona kingine, hicho kidonda kimoja kinatosha kumpeleka hospitali ya mkoa kesho yake asubuhi. Usiniambie hataki. Usiniambie anaona haya mkwewe kumchungulia mdomoni. Haya ya nini, wakati Zubeda ndiye anayemsuka nywele na kumkanda mgongo? Na ugoro auache, hata akinuna.

Nisalimie shangazi yetu msuka mikeka, na mjomba wa msikitini, yule mwadhini. Waambie nao wasimtie Mama maneno ya kimeo.

Sehemu hii msomee Mama mwenyewe, usiruke hata neno.

Mama, shikamoo. Najua unasema hakiumi. Rajabu alisema hivyohivyo. Jana nilikwenda kumtazama, akanionyesha kwa mkono nimwandikie mkewe huko nyumbani, kwa sababu kusema hawezi tena. Nimekaa na karatasi ile tangu asubuhi na sijui nianzeje. Sitaki siku moja Hamisi akae na karatasi ya namna hiyo, akiniandikia habari zako. Fungua mdomo, Mama, Zubeda atazame.

Ni mimi mwanao,
Juma