Mikono ya Zambarau

Shemeji mpendwa,

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu, na zaidi kwa kukujibu hadharani. Ulilomtendea dada yako, ulilitenda mbele ya watu.

Unakumbuka mwaka wa uhuru? Mliuza kwanga, ile mikate ya mihogo, bega kwa bega karibu na bandari. Yeye alikuwa amekwisha kuzeeka. Wewe, kitinda mimba aliyelelewa mgongoni mwake na kumwita yaya, yaani dada mkubwa, damu yako ilikuwa bado inachemka. Mikono yenu ilishinda katika pipa moja la mihogo iliyolowekwa. Kuvu ikamshika yeye peke yake: ngozi ya katikati ya vidole ikawa nyeupe, ikapasuka. Masista wa misheni wakampaka dawa ya zambarau, naye akaanza kupata nafuu.

Nilikuwapo siku uliposimama na kupaza sauti:

"Bamama, musikamate kwanga ya yaya! Angalieni mikono, iko inaoza! Siye bote tunaloweka mihogo mu maji moja. Juu ya nini yangu iko muzuri?"

"Pengine yaya alisalimia shetani!" mmoja akadakia, na soko zima likacheka.

Tangu siku ile aliisugua zambarau kwa majivu ili isionekane, kabla ya kwenda kuuza. Hatimaye akaacha kabisa kuipaka. Waasi walipoingia mjini, zahanati ikafungwa. Nyufa za vidole zikatunga usaha, mkono ukavimba, homa ikamchukua. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, nawe ulikuwa umekwisha kukalia kibao chake sokoni.

Nimeishi nikisubiri. Uniwie radhi: masista walinifundisha kusamehe, nami nilikuwa mwanafunzi mwema katika masomo mengine yote.

Sasa wewe nawe umezeeka, na kuvu imekushika mikono yote miwili. Muuguzi mmoja wa mtaa wa Makiso amenieleza kwa upole kwamba ilikuwamo majini siku zote, ikikugusa wewe kama ilivyomgusa yeye. Mwili wa kijana huifukuza kimya kimya. Uzee ukifika, kinga hulegea, ngozi hukonda, na mpasuko mdogo hukawia kufunga. Dada yako hakuwa mchafu, shemeji. Alikutangulia tu.

Ulituma neno: "Unitumie dawa, lakini ile haionekane, juu batu ya soko basione."

Muuguzi aliweka mbili mezani, marhamu nyeupe isiyoacha alama na zambarau ya zamani.

"Zote zinaponyesha, papa. Unabeba gani?"

Nimekutumia ya zambarau, chupa kubwa. Nakusihi uipake asubuhi na jioni, wala usiisugue kwa majivu. Nataka upone. Nataka uishi miaka mingi, umekaa juu ya kibao cha dada yako, na kila anayenyoosha mkono kupokea kwanga autazame wako.

Kwa heshima zote, na kwa kukuomba radhi tena,

Mume wa yaya wako