Masikio Mawili, Majina Mawili

Bwera, Jumapili, baada ya misa

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Natangaza kwa heshima zote, mbele yako, mbele ya shemeji na mbele ya yeyote anayechungulia barua hii begani kwako, kwamba siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, katika mji wa Kasese, masikio yangu yalipigwa picha na kukubaliwa. Yote mawili. Mara ya kwanza lilionekana la kushoto peke yake. Mara ya pili yalionekana yote, lakini nilikuwa nimetabasamu, na mpiga picha akaniambia Wajerumani hawapokei watu wanaotabasamu. Mara ya tatu nilimtazama yeye tu, uso ukakaa wenyewe.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Watoto wameacha kukohoa? Shemeji bado anashona suruali zenye mguu mmoja mrefu, au wateja wamekwisha zoea? Na Mama, analala usiku, au bado anahesabu milio ya risasi? Huku sisi tu wazima. Mvua inanyesha juu milimani, sisi wa chini tunaletewa matope. Shangazi ana afya ya kugombana na majirani watatu kwa siku, kwa hiyo usimwombee zaidi.

Ningekupigia simu, lakini simu yako ni ya ukoo mzima. Nikisema halo wanaitika sita. Haya ni ya macho yako tu. Mama Vitenge, yule mfanyabiashara wenu anayevuka mpaka kila Jumanne, ndiye atakayekufikishia. Ameapa hatafungua. Nimeibandika gundi hata hivyo.

Ni hivi: chuo cha Ujerumani kimenikubali. Nitasomea teknolojia ya vyakula, yaani kwa nini chakula kinaharibika na namna ya kukizuia. Unajua kazi yangu hapa ni kunusa kahawa ghalani. Akina mama wanashuka kutoka Kyarumba na magunia kichwani, mimi nachota kiganja kimoja, nanusa, nasema hii imekauka vizuri, hii ililala ndani ya maji, hii ilianikwa karibu na mbuzi. Kijerumani nimejifundisha mwenyewe kwa simu, sikio moja likisikiliza, mikono ikichambua punje mbovu. Sasa imebaki viza tu. Siku ya kufika ubalozini Kampala nimepewa, ni majuma matatu kutoka leo. Nikienda na karatasi zisizokamilika nitarudishwa kwenye foleni, na foleni hiyo ni ndefu kuliko muhula. Nafasi itakuwa imekwenda.

Na karatasi zangu, yaya, zinanuka.

Unajua kwetu jina ni namba ya foleni. Msichana wa kwanza kutoka tumboni ni Masika, wa pili ni Kavira, na mama akiendelea orodha inaendelea, hakuna anayeumiza kichwa. Wewe ulitangulia, mimi nikafuata. Cheti changu cha kuzaliwa, kile Baba alichokwenda kukiandikisha Butembo akiwa amevaa koti kwenye jua, kinasema Kavira. Pasipoti yangu ya Kongo inasema Kavira. Lakini nilipovuka nikiwa na miaka tisa kuja Uganda kwa Shangazi, yeye alikuwa na wavulana watano na hana msichana hata mmoja. Siku aliyonipeleka shule mwalimu akauliza, huyu ni nani? Shangazi akaniweka mkono begani, akasema, "Masika. Kwangu iko musichana wa kwanza." Aliona ni aibu kuniita wa pili katika nyumba isiyo na wa kwanza. Mimi, mjinga wa miaka tisa, nilifurahi. Nilidhani nimepandishwa cheo.

Basi vyeti vyote vya Uganda, toka shule ya msingi mpaka digrii, ni vya Masika. Barua ya chuo cha Ujerumani imeandikwa kwa Masika. Nimesoma miaka yote hii kwa jina lako bila wewe kupata hata kalamu.

Hapa Bwera hilo halijawahi kumsumbua mtu. Nikiitwa Masika naitika, nikiitwa Kavira naitika. Aliyeligundua ni Profesa. Profesa si profesa. Ni mtu wa Kasese mwenye kompyuta na printa, anayewajazia watu fomu za nje. Watu wote wanaokwenda popote wanapitia kwake, hata wanaojua kusoma kuliko yeye, na mimi nikaenda kama kondoo. Chumba chake kinanuka wino wa printa na samaki wa kukaanga. Kila anapogeuza karatasi analamba kidole. Alikilamba, akageuza digrii yangu. Akakilamba tena, akageuza barua ya chuo, akaiwekea na alama ya mafuta ya chapati pale pembeni, kama muhuri. Nilitazama mate yale yakikauka juu ya jina la mkuu wa chuo, nikakumbuka kwamba nilikuwa sijala asubuhi, nikashukuru.

"Madamu," akasema, "hapa naona watu mbili."

"Ni mimi mmoja."

"Karatasi inasema mbili. Masika ndiye amesoma. Kavira ndiye anasafiri. Wajerumani watauliza, sasa Masika amebaki wapi, mmemfungia ndani?" Akacheka peke yake. "Huyu Masika yuko kweli?"

"Ni dada yangu mkubwa. Yuko Butembo."

Hapo macho yake yakafunguka kama duka. "Basi imekwisha! Leta cheti chake ya kuzaliwa. Nina mtu yangu huko, wiki mbili anakutolea pasipoti ya Masika, na hii picha yako mpya. Masikio iko safi."

"Na dada yangu?"

"Dada yako anaenda wapi? Ana watoto?"

"Sita."

"Watoto sita! Sasa cheti ya kuzaliwa inamfanyia kazi gani? Amekwisha zaliwa."

Nilimwambia kwamba wewe nawe unakusanya karatasi upate pasipoti, uje Kampala kununua vitenge mwenyewe, uachane na Mama Vitenge anayekuchagulia rangi za wafiwa. Akalamba kidole, ingawa hapakuwa na karatasi ya kugeuza.

"Mubadilishane. Yeye achukue ya Kavira."

Yaani wewe ushuke uwe wa pili. Kwenye kiti cha plastiki, mbele ya sahani yenye miiba ya samaki, mtu ambaye hajawahi kukuona alikutoa tumboni mwa Mama kwa mara ya pili, akakupanga nyuma yangu.

Niliporudi Bwera nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikidhani serikali ina njia safi zaidi. Yeye ni mwanajeshi mstaafu, tunamwita Afande, na hawezi kumuuliza mtu jina bila kumsimamisha wima.

"Simama hapo! Jina?"

"Masika, afande."

"Na huyu Kavira iko nani?"

"Ni mimi pia, afande."

"Muko wawili?"

"Hapana, afande. Niko mmoja."

"Sema ukweli mbele ya serikali!"

Nilimweleza yote, tangu Shangazi na mwalimu. Akatikisa kichwa kwa uelewa mkubwa, akaandika barua, akapiga muhuri mara tatu mpaka meza ikalia. Niliisoma nikiwa juu ya boda. Inasema kwamba Masika na Kavira wote wawili ni wakazi wa kijiji chake, wana tabia njema, na hawajawahi kugombana.

Nilicheka mpaka dereva wa boda akageuka. Halafu kicheko kikaniishia katikati ya njia, kwa sababu nilikuwa najua ninakokwenda. Nilikuwa nakwenda kukuandikia.

Shangazi alinisubiri na bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake. Wageni walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka, maana tangu habari ya Ujerumani itoke, nyumba yetu haikosi mtu. Wanakuja kunipongeza, wanakula, kisha kila mmoja anasema kwa sauti ya chini kitu anachotaka kutoka huko. Mmoja ananiita binti yake. Mwaka jana alikuwa akinipita bila salamu, amebeba pua juu. Sina moyo wa kuwaeleza wote kwamba viza bado. Shangazi alisikiliza habari ya Profesa, akasema:

"Muombe yaya yako hiyo karatasi. Atakupa. Masika hajui kukatalia mutu."

"Ndiyo maana sitaki kumwomba, tantine."

"Sasa unalia nini? Jina iko kitu ya kulia?"

"Si jina langu."

Akakanda tonge ambalo hakulila. "Nilikupatia jina hiyo usijione mugeni hapa kwangu," akasema. "Nyumba yote ilikuwa ya wanaume. Nilitaka ujue uko wa kwanza kwa mutu."

Nikaenda kuosha vyombo.

Sasa nikuambie kitu kinachonichefua kuliko mate ya Profesa. Jana nilikaa nikakuandikia ukurasa mzima wa kukuomba hicho cheti. Ulikuwa ukurasa mtamu kweli. Niliandika kwamba ni kwa faida ya ukoo, kwamba nikifika nitakuinua, kwamba karatasi ni karatasi tu, damu ni moja. Nilikukumbusha hata begi. Lile begi la shule nililovuka nalo lilikuwa lako, yaya. Ulitoa madaftari yako humo, ukatia nguo zangu, ukasema wewe hulihitaji tena kwa sababu Mama anaumwa na lazima mtu abaki. Mwalimu wako alikuja nyumbani mara mbili kukuuliza, nakumbuka, na mara zote mbili ulijificha jikoni. Hilo nililiandika kama sababu ya wewe kunipa tena! Nilifanya hivyo kwa mwandiko mzuri.

Kisha nikausoma, kama ninavyochota kiganja cha kahawa. Kahawa iliyolala ndani ya maji inang'aa kwa nje, yaya, huwezi kuijua kwa macho. Lazima uiponde kidogo. Nikauponda ule ukurasa, na harufu iliyotoka nilishindwa kukaa nayo chumba kimoja. Nikautia motoni chini ya maharagwe. Shangazi akauliza mbona maharagwe yanaiva haraka leo.

Kwa hiyo, nisikilize vizuri: usinitumie cheti chako. Hata Shangazi akikupigia simu akalia, usitume. Hata Profesa akimtuma huyo mtu wake wa pasipoti, mwambie panya wamekila. Chukua pasipoti yako, njoo Kampala, chagua vitenge vyako vyekundu. Mimi nitakwenda ubalozini na majina yangu mawili mkononi na barua ya Afande isiyojulikana ni ya nani, nitaeleza kwa mdomo, kwa Kijerumani changu cha ghalani, kwamba katika nyumba moja nilikuwa wa pili na katika nyumba nyingine wa kwanza. Wakielewa, vizuri. Wasipoelewa nitarudi kunusa kahawa, na pua yangu itabaki pale ilipo. Jana hiyohiyo nilikwenda kwa Profesa tena kuchukua karatasi zangu. Nilizifuta moja moja kwa kitambaa chenye sabuni mbele yake. Akauliza kama nimekasirika. Nikamwambia nafanya kazi ya vyakula.

Nisalimie Mama, umwambie nakula, na usimwambie lingine. Msalimie shemeji na cherehani yake. Wabusu watoto wote sita kwa mpangilio, kuanzia wa kwanza, wasije wakaanza na wao kugombania namba. Mpe salamu za heshima mjomba anayelinda duka, na bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha kufunga kilemba. Mama Vitenge akikufikishia barua hii, tazama kwanza gundi, ndipo umshukuru.

Ni mimi uliyenibebesha begi,
mdogo wako,
Kavira

Jumatatu asubuhi. Nimelazimika kuibandua gundi mwenyewe. Jana jioni niliitazama fomu ya viza kwenye simu yangu kwa mara ya kwanza, yote, maana Profesa huwa anachapa ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, anasema za katikati ni za Wazungu. Ukurasa wa pili una kisanduku kinachouliza majina mengine uliyowahi kutumia. Kina mistari mitatu.