Usiitie Sahihi Fomu ya Eugen

Heidelberg,
12 Machi 1905

Mpendwa Mjomba Ortwin,

Pokea heshima zangu, mimi mpwa wako. Kifua kiko vipi baada ya baridi ya Königsberg? Sisi huku tu wazima. Mama amepona jino, na ulimi wake umerudi kazini.

Juma hili utaletewa fomu ya Eugen. Mdogo wangu anataka kujiunga na jeshi la makoloni, na kwa kuwa hajatimiza miaka ishirini na mmoja, wewe uliye mlezi wake tangu Baba afariki ndiwe wa kutia sahihi. Nakuomba usiitie.

Usidhani ni ushujaa unaompeleka. Amechoka kuwapimia watu kahawa dukani Mannheim. Mwalimu wake alimfundisha kwamba Waingereza na Wafaransa wamemaliza nyama, sisi tumeachiwa mifupa. Wenye meli wanatafuta masoko. Wenye viwanda wanaona afadhali mfanyakazi aitazame ramani kuliko mshahara wake. Kila mmoja ana faida yake, na wote wanaiita heshima ya taifa. Wivu ukivishwa sare, Mjomba, huitwa wajibu.

Jumapili alinitembelea, tukabishana hadi supu ya dengu ikapoa. Alidai nimeharibiwa na vitabu, na kwamba kule Afrika atapewa farasi na shamba. Nikamkumbusha Waherero, wenyeji wa koloni letu la kusini-magharibi, waliofukuziwa jangwani na jeshi letu mwaka jana, wakafa kwa kiu. Akasema hayo ni ya magazeti ya wapinzani. Basi nikamshika kwa neno moja tunalolitamka sote bila kulitafuna, maana makoloni yetu tunayaita "nchi za ulinzi".

"Haya, bwana mlinzi," nikamwambia, "unakwenda kuwalinda watu wa huko dhidi ya nani?"

Akacheka. "Dhidi yetu sisi wenyewe, labda."

Kisha hakucheka tena. Alikaa akiufikicha mkate, akauliza kama dukani watampokea tena asipokwenda. Lakini fomu hakuichana. Amekwisha kujigamba kwa rafiki zake, na kijana wa Mannheim yu radhi kufa kuliko kuchekwa.

Ndiyo maana nakuandikia. Yeye hawezi kurudi nyuma. Wewe waweza kumzuia. Mwache akuchukie mwaka mzima, awaambie wenzake kwamba ana mjomba mwoga. Chuki hiyo ni nyepesi kuliko bunduki atakayobebeshwa.

Msalimie Mkazamjomba Adelheid na binti yenu Roswitha. Mungu awajalie afya nyote, na wewe auzuie mkono wako wa kulia.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye nisiyejua kunyamaza,

Ottilie