Walipoukata Wimbo wa Mama

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wa kundi mlioko safarini. Natumaini koo limepona na kumbi za huko zinajaa. Hapa nyumbani mwanao hajambo, anakula vizuri na kuchokoza majirani kama kawaida yake. Mimi ni mzima wa mwili. Niwie radhi kwa kutopokea simu zako. Ningeisikia sauti yako, ningeshindwa kusema.

Jumamosi alasiri mimi na shemeji tulikwenda kuitazama ile filamu iliyotokana na mchezo wenu. Unajua ninavyoupenda. Tangu ulipoanza kuigiza Mama, sijakosa onyesho hata moja la hapa mjini. Njiani shemeji alinitania kwamba suruali yangu nimeipiga pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate. Ukumbi ulifurika. Tulivumilia mengi: ngoma za shemeji zimegeuzwa vinanda, na nafasi yako kapewa binti anayeimba kama anaogopa kuamsha mtu. Tukasema potelea mbali, wimbo wa mwisho utatuponya.

Desturi yetu unaijua. Mama anapoinama kuifunika maiti ya mwanawe, ukumbi mzima husimama na kuimba naye. Basi binti alipoinama, tukasimama, tukavuta pumzi. Likaja gari linaondoka, kisha majina ya waigizaji. Wimbo umekatwa! Tukabaki wima, midomo wazi. Waliokuja kutazama picha tu wakatuzomea tukae, tunawaziba. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kuimba hivyo hivyo, wengine wakaitikia. Kijana akamrushia chupa, ikampasua paji la uso.

Hapo ndipo palipowaka. Viti viling'olewa. Nilimwona fundi viatu wa mtaani kwetu, mtu mpole yule, akimpigiza mtu kichwa ukutani huku bado anaimba. Pazia la picha lilichanwa juu mpaka chini. Nilikanyaga meno, dada, nikidhani ni kokoto. Mwongozaji wa filamu, aliyealikwa siku hiyo, akapanda mbele na kipaza sauti akatuambia tutulie, hapa ni sinema si ngomani, na kwamba wimbo ule aliukata kwa sababu yule mwanamke wa jukwaani aliuharibu kwa makelele ya sokoni. Muda si muda alikuwa sakafuni, kichwa kimepasuka, damu inamtoka sikioni. Polisi walimkuta shemeji amesimama juu yake, mkononi ana mkono wa kiti, wa chuma.

Pole, dada. Mumeo yuko rumande. Aliniagiza nisikwambie mpaka ziara iishe. Mwongozaji hajafumbua macho. Na jana jalada la kesi lilifika masjala ya mahakama, mezani kwangu, nami karani sichagui, nililigonga muhuri. Mwenzangu aliona muhuri nimeugonga juu chini, akauliza kama nina homa. Nikasema ndiyo.

Sina homa. Aliyempiga mwongozaji ni mimi. Mimi huyu unayenicheka kwa kukimbia mende. Aliposema vile juu yako, masikio yaliziba. Pigo la kwanza lilimwangusha, na ningeishia hapo ningesema ni hasira. Lakini nilimpiga tena akiwa chini, akiwa ameinua kiganja kuniomba, nikakivunja kiganja, nikaendelea. Shemeji ndiye aliyeninyang'anya kile chuma, akanisukuma kwenye umati huku akinifokea: "Toka hapa, mpumbavu we! Dada yako nitamwambia nini?" Nikatoka. Nilipokwenda kumwona, aliniambia mikono ya mpiga ngoma imezoea mapigo, na kwamba mle ndani mimi sitamaliza wiki. Nadhani ni kweli.

Kesho asubuhi nitakwenda kituoni. Mwanao atabaki kwa jirani yetu mshonaji mpaka baba yake atoke. Ila najijua, dada. Naweza kufika mlangoni nikageuka. Ndiyo maana barua hii naitia posta kwanza. Ikishatumbukia sandukuni nitakuwa sina pa kurudi, hata kwako.

Wasalimie wenzako wote. Ukifika nyumbani mkumbatie mumeo kwanza, mimi niulizie baadaye, kama moyo utakuruhusu.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja.