Friwili ya Msumarini

Usagara, Tanga
9 Juni 2025

Baba,

Zuu sasa hivi katia mkono kwenye bakuli la mafuta ya taa, katoa gololi moja moja, kazipanga juu ya kanga yangu. Kahesabu nane. Ya tisa kaifumba kiganjani. Namwambia nipe mama, ananijibu, "Hii ya Baba." Mtoto wa miaka mitatu na nusu, ambaye mpaka jana kuhesabu kwake ni moja, mbili, tano.

Samahani, nimeanza na mtoto nikasahau adabu. Shikamoo baba. Kifua kimeachia? Machungwa ya huko Muheza yameanza kuiva? Sisi hatujambo. Mavyaa Mwanasiti anakusalimu, presha yake iko juu ila ulimi wake mzima.

Nakuandikia kwa kuwa simu huisikii, unasema "eeh, eeh" halafu unakata. Barua atakuletea Yasini, konda wa basi la Muheza. Mimi kutoka siwezi, eda yangu ni mpaka tarehe 26 Agosti. Nashinda uani na nguo zangu nyeupe, nimezitia grisi mpaka mavyaa anasema, "Mjane gani huyu, kama mtu wa gereji?"

Kazi yenyewe ni ile baiskeli ya resi ya marehemu Msafiri. Walioileta kutoka barabara ya Pangani walisema lori lilimpitia yeye tu, baiskeli ikaangukia majanini. Nimeikagua ulivyonifundisha. Fremu nzima, rimu hazikupinda. Ila gurudumu la nyuma ukilishika linacheza, ukilizungusha linasaga kama linatafuna mchanga. Nimefungua habu pale katikati ya gurudumu, koni moja inayobana gololi ina vidonda. Cheni nayo imeliwa na kutu.

Nataka iwe nzima kweli, baba. Mwalimu Consolata ananishikia nafasi ya jikoni pale kwenye chekechea yake, na Zuu atasoma hapohapo. Ni mbali kwa miguu ya mtoto, lakini nikimpakia kwenye keria aliyoifunga baba yake tutafika. Bila baiskeli, hiyo nafasi imekwenda. Kwa hiyo niletee koni, gololi na cheni, uniandikie na jinsi ya kufunga, nisikosee.

Kitu kingine. Nimeigeuza baiskeli matairi juu, kwenye ukuta. Kila siku adhana ya adhuhuri ikikoma, gurudumu la nyuma huzunguka peke yake, tik-tik-tik, halafu hutulia. Nasema upepo. Lakini kanga kwenye kamba hazitikisiki.

Arobaini hukuja. Watu wakauliza, nikawaambia miguu.

Mwanao,
Semeni


Muheza
13 Juni 2025

Mwanangu Semeni,

Marahaba. Mimi mzima, kifua ndiyo vile, kikiondoka asubuhi kinarudi jioni. Msalimu mkwe mwenzangu, mbusu mjukuu.

Kweli, ni miguu.

Vitu nimempa Yasini. Habu fanya hivi. Futa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Paka grisi ndani ya kikombe, nyingi, usione uchoyo. Panga gololi tisa upande mmoja na tisa upande wa pili, grisi itazishika. Funga koni kwa vidole mpaka igote, halafu rudisha nyuma kidogo tu, ndipo ufunge nati. Ukikaza sana itasaga, ukilegeza itacheza. Ikikaa sawa utaona gurudumu linakuja kusimama lenyewe taratibu, upande wa valvu ukielekea chini.

Cheni ipime kwa futi. Ikiwa mpya, pini inaangukia palepale penye inchi ya kumi na mbili. Pini ikipita hapo, cheni imechoka. Hii niliyoleta nimeipima mwenyewe, iko sawasawa.

Friwili, ile duara ya meno ya nyuma inayovutwa na cheni, iache. Usiiguse.

Hilo la adhuhuri ni upepo wa bahari. Hapo kwenu unapita chini ya mlango.

Baba yako


Usagara
24 Juni 2025

Shikamoo baba,

Natumai hujambo na kifua. Sisi wazima, Zuu kapata mafua yakaisha.

Habu imekubali! Nimeizungusha ikaenda kimya kama maji, ikasimama valvu chini kama ulivyosema. Nilicheka peke yangu. Mavyaa akaniuliza, "Unachekea chuma? Watu wa Muheza mna mambo." Lakini alipoishika akaizungusha yeye mwenyewe mara tatu.

Cheni ndiyo inanitia hofu. Nimeifunga tarehe 14. Nikisukuma pedeli kwa mkono taratibu inakwenda vizuri. Nikisukuma kwa nguvu, inaruka. Inasema ka! na pedeli inakwenda bure, mkono unaangukia hewani. Nikatazama friwili uliyosema niiache. Meno yake yamelika, yamepinda kama kucha za paka.

Na jana nimeipima cheni kwa futi ya Zuu ya kuchorea. Pini imepita inchi ya kumi na mbili. Imepita sana, baba. Nikapima tena, nikampa mavyaa naye akapima. Ina siku tisa tu, na hakuna aliyeipanda. Geti linafungwa, mimi niko eda, matairi yako juu. Halafu ndani ya viungo vyake kuna vumbi jekundu. Uani kwetu mchanga ni mweupe.

Nilikuwa nakwangua lile vumbi, Zuu akachuchumaa karibu yangu, akasema, "Baba anasema bado inaruka."

Nikamuuliza kasema lini. Akanionyesha juu, jua linapofika adhuhuri. "Akirudi."

Hakuogopa, baba. Alisema kama anayeniambia chai imepoa. Mimi ndiye niliyeketi chini.

Nimempa Yasini cheni ile akurudishie. Ipime wewe mwenye macho ya kazi, uniambie nimekosea wapi.

Mwanao,
Semeni


Usagara
15 Julai 2025

Shikamoo baba,

Wiki tatu sina jibu. U mzima? Yasini anasema ulipokea cheni palepale stendi, ukailaza juu ya boneti ya gari ukaipima, ukairudisha kwenye mfuko, ukaondoka. Na tangu siku hiyo kibanda chako cha ufundi hujafungua. Anasema, "Mzee Masoud kawa kama mtu aliyepokea hati ya mahakama." Nikamwambia achunge mdomo.

Kama unaumwa, sema. Eda itaisha, nitakuja kukupikia uji.

Lakini kuna neno lazima nikuulize. Jana adhuhuri gurudumu lilizunguka muda mrefu, mpaka mavyaa naye akalisikia akiwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akalitazama, akasema, "Msafiri, mwanangu, pumzika." Likaendelea. Hata aliposoma Fatiha halikusimama. Alilia, mimi nikamshika.

Zuu ndiye aliyekwenda akaweka kidole kwenye tairi, likasimama. Akageuka akaniambia, "Mwambie Babu aishushe ile ya msumarini."

Zuu hajawahi kufika kwenye kibanda chako, baba. Kuna nini kwenye msumari?

Mwanao,
Semeni


Muheza
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu sina mdomo nazo leo, utaniwia radhi.

Cheni niliipima. Ni cheni ya mtu aliyepanda kila siku, mwaka na zaidi, kwa barabara ya vumbi. Nimefanya kazi hii miaka arobaini, cheni hainidanganyi.

Msumarini kuna friwili. Mpya, meno yake bado yana rangi.

Msafiri alikuja kwangu siku mbili kabla ya ajali. Cheni yake ya zamani imekwisha, na friwili imekwisha nayo, maana hivyo viwili huzeeka pamoja. Fundi yeyote anajua: cheni mpya haivai meno ya zamani, itaruka siku mtu akikanyaga kwa nguvu. Niliwafundisha vijana wangu wote neno hilo kabla sijawapa spana.

Siku ile ilikuwepo friwili moja tu. Nilikuwa nimemwekea Sadalla, mteja wangu wa siku nyingi, nimempa ahadi. Msafiri akaitazama pale juu akasema, "Baba, na ile?" Nikamwambia, "Ile ya mtu. Funga cheni, itakaa yenyewe, njoo wiki ijayo." Akacheka. "Wewe ndiye fundi, baba."

Baadaye nilisikia wanaume msibani wakielezana. Kwamba aliliona lori, akasimama juu ya pedeli ili avuke. Na pedeli ikaenda bure. Wao wakasema ni ajali. Mimi niliondoka sijala.

Sadalla hakuja kuichukua. Imening'inia pale mpaka leo na sikuweza kuigusa. Hata ulipoomba vitu nikakuletea cheni mpya nikasema friwili uiache, nikafanya kosa lilelile mara ya pili, na safari hii ni kwa wewe na mtoto. Sijui shetani gani aliniandikia barua ile.

Nimeishusha. Anayo Yasini, pamoja na cheni nyingine na chuma cha kufungulia. Kichomeke, kazana kinyume na saa, umwite kijana wa jirani mwenye nguvu. Usiipande bila hiyo friwili. Nakuapisha.

Kuja huko siwezi. Nitaingia kwa mlango gani, nimtazame mama yake kwa jicho lipi?

Baba yako, kama bado neno hilo lipo


Usagara
26 Agosti 2025

Baba,

Zuu sasa hivi katandika mkeka mlangoni, kaenda mtungini, kaleta vikombe viwili vya maji hata tone hakumwaga. Nikamuuliza vya nani. "Kimoja cha Babu. Kimoja cha aliyempakia." Nikamwambia Babu yuko Muheza, mama, na baiskeli hapandi siku hizi. Kanitazama kama mimi ndiye mtoto.

Shikamoo baba. Neno hilo lipo.

Nilikasirika, sitakuficha. Siku tatu friwili yako ilikaa kwenye mfuko sikuifungua. Nilitaka kukuandikia maneno, nikayaandika, nikayachana. Siku ya nne nikampa mavyaa barua yako. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Akaikunja, akasema, "Huyu mzee tangu msiba wa mwezi wa nne hajala?" Basi. Akaniambia nilete spana.

Tuliifungua sisi wawili, baba, hatukuita kijana. Yeye kashika gurudumu, mimi nimening'inia kwenye chuma. Ilipolegea tulianguka wote, Zuu akapiga makofi. Nikafunga ile ya msumarini, nikafunga cheni. Nikasukuma pedeli kwa nguvu zangu zote. Haikuruka. Nikasukuma tena mara ishirini.

Siku hiyo adhana ya adhuhuri ilikoma tukasubiri, mavyaa na mimi. Kimya. Na kesho yake kimya. Leo siku ya kumi na tisa. Cheni nimeipima, pini iko palepale penye inchi ya kumi na mbili. Nikamuuliza Zuu, Baba anasemaje? Akasema, "Hasemi. Anangoja Babu."

Eda imeisha leo. Nimeoga, nimevaa gauni la maua. Baiskeli nimeigeuza, imesimama kwa matairi yake hapo ukutani, inang'aa, na keria nimeifunga mto. Jumatatu tunaanza kwa Mwalimu Consolata. Lakini sitaipanda mpaka uje uishike kwa mikono yako. Hilo ndilo ninalokuomba, baba, siyo jingine. Njoo. Mlango ni huuhuu mmoja, na maji yamekwisha wekwa. Mavyaa anasema ukija atakupikia wali wa nazi, na usipokuja atakuja Muheza yeye akutie aibu mbele ya wauza machungwa.

Adhana ndiyo inakoma sasa. Ngoja, mavyaa ananiita kutoka mbele, anapiga kelele, "Semeni! Semeni, njoo umpokee baba yako, huyu hapa kafika! Na huyu aliyempakia mwambieni ashuke basi, mbona kanipa mgongo?" Nakuja, nimemwitikia. Barua nitakupa mkononi, baba. Nainua macho niiangalie baiskeli, na pale ukutani haipo, pana vumbi jekundu tu.