Koko Hakutia Kidole

Lubarika, 12 Mei 2024

Yaya Eliane,

Jambo sana. Huko Kimanga mnaamkaje, na cherehani yako ingali inakohoa? Hapa tuko wazima. Koko na ubibi wake ni muzima kutupita wote, jana alinikimbiza na mwiko. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilianguka mu shamba la mpunga, ikanywa maji kuliko mpunga wenyewe. Barua anabeba Anastase wa taksi-basi. Usimulipe, nimeshamuambia dada yangu ni muzuri, inatosha.

Sasa neno lenyewe. Mwaka jana mujomba Rénovat alipomuuzia Toussaint wa Sange shamba lote, aliandikisha mu mukataba kwamba Koko atabaki katika nyumba yake na kulima kipande cha karibu na mufereji, mpaka Mungu amuite. Kwa ajili ya neno hilo alimupunguzia Toussaint bei. Juma lililopita Toussaint amekuja na watu wa kupima. Anataka kusimamisha mashine ya kukoboa mpunga pale pale Koko analala. Nikamuuliza, na mukataba? Akasema yeye na mujomba walikutana Kalemie mwezi wa pili mwaka huu, wakalifuta neno lile. Akasema mukataba ni wa watu wawili, Koko si mumoja wao, hakutia hata kidole. Avune, kisha ahame.

Usilie, mimi niko. Nilifika mwaka wa nne wa sekondari, tena mara mbili. Nimepanga hivi: Koko atie kidole leo mu kopi yetu, kwa masizi ya chungu, tuseme kilikuwapo tangu zamani. Hakuna avoka Uvira nzima, na sheria zao zote, aliyewahi kufikiria hivyo.

Mudogo wako mwenye akili,
Clovis


Kimanga, 16 Mei 2024

Mudogo wangu Clovis,

Salamu kwako na kwa Koko. Mimi niko salama, cherehani pia. Anastase amekula sahani mbili hapa, asante kwa kunisifu.

Hakuna avoka aliyefikiria hivyo kwa sababu wote wanajua njia ya gereza. Ukigusa masizi hayo nitapanda mwenyewe, na mwiko wangu.

Nimemuuliza mama Félicité, yule avoka ninayemushonea vazi la tribinali. Alicheka juu yako, kisha akaacha kucheka. Anasema watu wawili wanaweza kuahidiana jambo kwa faida ya mutu wa tatu, na huyo wa tatu hahitaji kutia kidole ili adai. Lakini kabla hajasema anakubali, yule aliyemuombea, hapa ni mujomba, anaweza kulifuta. Akishakubali, basi. Hata wote wawili wakikaa pamoja hawawezi kumunyang'anya. Kwa hiyo muulize Koko: kabla ya mambo ya Kalemie, alionyesha wapi kwamba amekubali? Kwa mdomo au kwa tendo, ni sawa, mradi kuna walioona.

Dada yako,
Eliane


Lubarika, 23 Mei 2024

Yaya,

Habari ya siku hizi? Sisi tunapumua. Masizi sikugusa. Chungu chenyewe nimekisugua mpaka Koko akadhani nina homa.

Nilimuuliza. Akanijibu, "Mutoto ananiuliza kama nilikubali nyumba yangu. Anayelala humo ni nani, mbuzi?" Sikupata zaidi. Lakini Toussaint amesikia tunavyoulizauliza, naye ametoa neno lake. Weye unajua, kwetu shamba halijauzwa mpaka mtungi wa pombe ya ndizi uwekwe katikati, na kila anayehusika avute kwa mrija. Siku ile mimi nilikuwa kwako, narudia mwaka. Toussaint anasema Koko alipewa mrija mbele ya watu akausukuma, na anayesukuma mrija amekataa jambo. Nimewauliza waliokuwapo. Ni kweli, Yaya. Aliusukuma.

Nilipomuambia, Koko alisema tu kwamba ilikuwa Kwaresima. Mujomba naye, kati ya miezi yote, akachagua ule wa kuweka pombe mbele ya mukristu wa misa ya kila asubuhi!

Chefu wa mtaa ametuita kwake juma lijalo. Nimeanza kuuliza vyumba vya kupanga Sange. Usimuambie mutu kwamba nimeogopa.

Mudogo wako,
Clovis


Kimanga, 3 Juni 2024

Clovis,

Koko anaamkaje? Na weye? Anastase amepita mara mbili mikono mitupu. Mama Félicité anasema kukataa pombe si kukataa nyumba, ila linahitajika tendo jingine la kuonyesha. Nimehamisha vitambaa, kitanda cha Koko kitaingia nyuma ya cherehani. Niandikie hata mustari mumoja.

Dada yako,
Eliane


Lubarika, 9 Juni 2024

Yaya wangu mwoga,

Rudisha vitambaa mahali pake. Tuko wazima, na tuko kwetu. Chefu aliahirisha mpaka Ijumaa, ndiyo sababu ya kimya.

Nilisema wa kwanza. Niliyatoa maneno ya mama Félicité kwa sauti ya avoka, mpaka Toussaint akauliza nilisomea wapi. Kisha chefu akataka kujua kama kuna tendo lolote zaidi ya mrija uliosukumwa. Hapo nikaketi bila kuambiwa, jambo ambalo halijanipata tangu ubatizo.

Koko akasimama. Hakumuangalia Toussaint hata kidogo, alimuangalia muke wa Toussaint, mama Noella, aliyekaa nyuma.

"Mama, mtungi wangu ungali kwako?"

"Ungali, Koko. Sijapata cha kuujaza."

Yaya, Toussaint aliinamisha kichwa kama mutu aliyepoteza kiatu. Kumbe mwaka ule, baada ya Pasaka, Koko alipika pombe yake mwenyewe, akaibeba kichwani mpaka Sange, akaiweka katika kiwanja cha Toussaint mbele ya majirani. Akamuambia amekuja kunywa ile aliyozuiliwa na Kwaresima, na kumushukuru kwa nyumba anayomuachia. Wakavuta pamoja. Mtungi ulibaki kwa mama Noella kwa sababu chombo cha mutu hakirudishwi kitupu, na mwaka ule mafuriko yalikuwa yamekula mpunga wao. Nilimuuliza Koko mbona hakuniambia. Akasema mutu hashukuru kisha akatangaza.

Chefu akamugeukia Toussaint. Naye akasema, "Nilikunywa. Ilikuwa nzuri."

Watu wakacheka, naye akacheka, nadhani alikuwa amechoka kuwa mubaya. Koko alikunywa Pasaka ya mwaka jana, wao walifuta Kalemie mwaka huu: hata mimi nilijua kuhesabu hiyo. Chefu akasema neno la nyumba linasimama. Mashine itakaa upande wa barabara. Toussaint aliniuliza kama avoka wetu atamupeleka tribinali, nikamujibu itategemea nimeamkaje. Koko alinipiga kofi la shingo.

Jana mama Noella ameuleta mtungi, umejaa maharagi. Koko ameyamwaga katika ungo, akauosha mtungi, kisha akajilaza mchana mlango ukiwa wazi, kitu ambacho sijamuona akifanya tangu watu wa kupima walipokuja. Leo tena amefanya hivyo. Mimi nimekaa kizingitini nazuia kuku, karatasi iko juu ya goti. Anakoroma, Yaya. Naandika polepole, kalamu hii ina kelele.

Mudogo wako,
Clovis